Viwavi waliofia nchani mwa michu: je, ugonjwa wao unaweza kuulinda msitu?

Mtunza Michu, Ngomeni

Assalamu alaykum ndugu zangu, na salamu kwa wote wanaojishughulisha na misitu ya pwani yetu.

Mimi ni mmoja wa wanakikundi wanaotunza mikoko upande wa Ngomeni, kaskazini ya Malindi. Baada ya mvua za masika za mwaka huu, michu (aina mojawapo ya mikoko) iliyo upande wa bara, ile inayofikiwa na maji wakati wa bamvua pekee, ilivamiwa na viwavi wadogo wa rangi ya kijivu wenye mstari mweusi ubavuni, wakayala majani mpaka matawi mengi yakabaki vijiti vitupu. Mikandaa (mikoko ya aina nyingine) iliyo jirani, hata ile ambayo matawi yake yameshikana na ya michu, haikuguswa kabisa.

Uharibifu huo ulituhuzunisha, lakini lililonifanya niandike ni namna viwavi hao walivyokufa. Wengi wao walipanda hadi ncha za matawi, wakashikilia kwa miguu ya nyuma huku vichwa vimening'inia, na miili yao ikalegea na kugeuka myeusi. Nilipomgusa mmoja kwa kijiti, ngozi ilipasuka papo hapo ukatoka ute wa kahawia uliochuruzika juu ya majani machache yaliyosalia. Jambo jingine nililoliona ni kwamba waliokufa siku ileile hawakuwa na uvundo. Harufu mbaya ilikuja baadaye.

Mwanakikundi mmoja anasema amesikia kwamba katika nchi nyingine virusi vinavyowaua wadudu porini hukusanywa na kupuliziwa msituni badala ya dawa za kemikali. Amependekeza tuwakusanye viwavi waliokufa, tuwasage, tuchuje, kisha tuyahifadhi maji hayo kwa ajili ya kitalu chetu cha miche ya mchu msimu ujao. Wengine wamepinga, kwa kuwa tumetundika mizinga ya nyuki katika michu hiyohiyo, watu wetu huvua kaa na kamba kwenye hori, na watoto hupita humo kutwa kucha. Mwuzaji mmoja wa dawa za kilimo naye ametushauri tununue dawa yake ya sumu, tupulizie, tumalize kazi. Naomba mwenye ujuzi atueleze: je, ugonjwa huu ni kirusi kweli, na kama ndicho, inafaa kukitumia?

Mzee wa Misitu, Malindi

Wa alaykum salaam, mwanangu. Nilifanya kazi ya wadudu wa misitu kwa miaka mingi kabla ya kustaafu, na maelezo yako ni ya mtu aliyetazama kwa makini, kwa hiyo niwie radhi nikijibu kwa urefu.

Dalili ulizozitaja, yaani kupanda hadi nchani, kuning'inia kwa miguu ya nyuma, mwili kuyeyuka na ngozi kupasuka kwa kuguswa kidogo tu bila uvundo wa mapema, ndizo dalili za ugonjwa unaoletwa na virusi vya kundi la bakulovirusi. Kiwavi aliyeuawa na bakteria hunuka upesi. Aliyeuawa na kuvu hukauka akawa mgumu, na mara nyingi hufunikwa na unga mweupe au wa kijani. Macho peke yake hayatoshi kuthibitisha, lakini hadubini ya kawaida ya maabara inatosha kuanzia, kwa sababu virusi hivi hujifunga ndani ya punje za protini ambazo, ingawa ni ndogo mno, huonekana kwa hadubini hiyo katika tone moja la ule ute ulioueleza.

Punje hizo ndizo siri ya ugonjwa wote. Zikiwa nje ya mdudu, protini huvikinga virusi, na katika udongo wenye kivuli zinaweza kukaa miaka kadhaa bila kupoteza nguvu. Kiwavi akila jani lenye punje, umajimaji wa utumbo wake, ambao una ualikali mkali kinyume na asidi ya tumbo la binadamu, huiyeyusha protini na kuviachilia virusi, navyo huingia katika chembe za utumbo, vikazaana, kisha vikaenea mwilini kote. Mwishoni kirusi hutoa vimeng'enya vinavyoyeyusha nyama na ngozi ya mdudu, na kiwavi mmoja aliyekufa huwa na punje mpya zinazohesabika kwa mamilioni mengi. Ute ukidondoka, majani ya chini hupata punje, mvua husaidia kuzieneza, na viwavi wazima huzila pamoja na jani.

Hata huko kupanda juu hakukutokea kwa bahati. Wataalamu wa misitu wa Ulaya ya kati waliona tangu karne ya 19 kwamba viwavi wa nondo aitwaye Lymantria monacha walikufa kwa wingi kwenye vilele vya misonobari, lakini sababu yake haikujulikana. Mwaka 2011 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba kwa kiwavi wa nondo wa jamii hiyo, Lymantria dispar, jeni moja ya kirusi iitwayo egt, ambayo huvuruga homoni ya kujivua ngozi, ndiyo inayomfanya mgonjwa apande na kufia juu. Kwa maneno mengine, kirusi humtuma mgonjwa wake mahali panapokifaa chenyewe.

Kuhusu matumizi, mfano unaonifurahisha zaidi ni wa Kanada, kwa sababu hakuna aliyeupanga. Katika miaka ya 1930 mdudu wa jamii ya nyigu, Gilpinia hercyniae, aliyetoka Ulaya, aliharibu maeneo makubwa ya misitu ya mashariki ya nchi hiyo. Waliagizwa vijidudu vimelea kutoka Ulaya ili wamshambulie, na inaaminika kwamba kirusi cha mdudu huyo kiliingia pamoja nao pasipo mtu kukusudia. Kufikia miaka ya 1940 wingi wa mdudu huyo ulikuwa umeporomoka, na tangu hapo kirusi na vimelea hao wamemzuia asirudi kuwa janga. Baadaye watu walianza kukusudia: Marekani ilisajili kirusi cha nondo Orgyia pseudotsugata mwaka 1976, kisha kile cha Lymantria dispar mwaka 1978 kwa jina la Gypchek, na Kanada ikasajili mwaka 2006 kirusi cha mdudu mwingine wa jamii ya nyigu, Neodiprion abietis, kwa jina la Abietiv. Mfano ulio karibu zaidi na hali yenu unatoka India, katika jimbo la Kerala. Nondo aitwaye Hyblaea puera hula majani ya mitiki mpaka mashamba yakabaki matupu, na nondo huyohuyo hula mchu katika mikoko ya Asia. Taasisi ya utafiti wa misitu ya Kerala ilikitambua kirusi chake katika miaka ya 1980, ikakifanyia majaribio ya kukipulizia, na ikajifunza kwamba faida kubwa hupatikana ukipiga mapema yale maeneo madogo ambamo mlipuko huanzia, badala ya kungoja msitu mzima uchafuke.

Sasa nije kwenye kusaga kwenu. Katika kanuni wazo hilo si la kipuuzi. Wakulima wa soya nchini Brazili walikuwa wakikusanya viwavi waliokufa kwa kirusi na kuwatumia tena shambani, na programu hiyo ilienea katika mamilioni ya hekta. Tofauti ni kwamba wao walimjua mdudu wao kwa jina, walikijua kirusi chake, na walikuwa na wataalamu waliopima ubora wa kilichosagwa. Uji wa viwavi waliooza huwa na bakteria wa kila namna, wakiwemo wanaoweza kumdhuru binadamu, na kama viwavi wenyewe ni wa aina yenye manyoya, basi anayepulizia atawashwa ngozi na macho hata kirusi kikiwa hakina neno naye. Tena kuna jambo ambalo watu wengi hawalifikirii: siku unapoona maiti nyingi nchani, mlipuko umekwisha kuvunjika. Kirusi huenea vyema viwavi wanaposongamana, na ukikipulizia wakati huo unarudia kazi ambayo imekwisha kufanyika.

Kwa hiyo swali la maana ni la msimu ujao, na hapo wakati ndio kila kitu. Kiwavi mchanga aliyetoka yaini juzi hufa kwa punje chache, lakini kiwavi mkubwa anayekaribia kuwa pupa huhitaji maelfu, na hata akiambukizwa anaweza kuendelea kula kwa siku kadhaa kabla ya kufa. Jua nalo ni adui. Mionzi yake huviua virusi vilivyo juu ya jani katika muda wa saa chache hadi siku chache, na jua la Ngomeni sina haja ya kulieleza. Anayepulizia hufanya hivyo jioni, na hulenga upande wa chini wa majani.

Nyuki, kaa, samaki na watoto wenu hawadhuriki kwa bakulovirusi wa viwavi. Virusi hivi vinahitaji mdudu wa jamii yake, na kila jirani wa miti hiyo amekwisha kuvila katika chakula chake bila habari, kwa kuwa vimo juu ya mboga za majani kila siku. Kuhusu kamba, zamani virusi fulani vya kamba viliitwa kwa jina la bakulovirusi, ndiyo maana hofu hiyo husikika, lakini wataalamu wamevitenga na kuviweka katika kundi jingine. Ninachokiogopa zaidi kwa kamba na kaa wenu ni ile dawa ya dukani. Nyingi zinazouzwa kwa ajili ya viwavi ni za jamii ya pairethroidi, ambazo ni sumu kali mno kwa samaki na kwa kila mnyama wa jamii ya kamba na kaa, na maji ya bamvua hayatachelewa kuifikisha sumu hiyo kwenye hori. Mwuzaji huyo alipaswa kuuliza kwanza mnapulizia wapi.

Hatua ninayowashauri ni kupeleka sampuli katika kituo cha Taasisi ya Utafiti wa Misitu, KEFRI, kilichoko Gede. Chukueni viwavi waliokufa karibuni, kila mmoja katika kichupa chake safi, mviweke katika kasha la barafu ambalo wavuvi wa Ngomeni hawakosi. Chukueni pia viwavi walio hai na pupa, mkawatunze mpaka nondo watoke, kwa sababu nondo mzima hutambulika kwa urahisi kuliko kiwavi. Msisahau kijitawi cha mti wenyewe. Na kabla ya kupulizia chochote, kumbukeni kwamba mikoko yote ya Kenya ni msitu wa serikali tangu 1932, kwa hiyo Huduma ya Misitu lazima ihusike, na kwamba utengenezaji na usambazaji wa dawa ya wadudu, hata iliyotokana na kirusi cha asili, unasimamiwa na bodi ya viuatilifu, PCPB, chini ya Sura ya 346 ya Sheria za Kenya.

Mfugaji wa Vipepeo, karibu na Arabuko-Sokoke

Shikamoo Mzee. Nimesoma jibu lako mara mbili, na naomba niseme jambo ambalo watu wa michu huenda hawalioni kutoka upande wao.

Sisi tunaoishi kandokando ya msitu wa Arabuko-Sokoke tunafuga viwavi kwa riziki. Tangu mradi wa Kipepeo uanzishwe Gede mwaka 1993, familia nyingi hulea viwavi wa vipepeo wa msituni mpaka wawe pupa, na pupa huuzwa ng'ambo kwa nyumba za maonyesho. Kwa hiyo ugonjwa anaouelezea ndugu wa Ngomeni mimi naujua kwa jina la hasara. Huanza na kiwavi mmoja kuacha kula na kupanda kwenye wavu wa juu wa kizimba. Kesho yake ameyeyuka, na ute wake umeteremka kwenye majani yote yaliyo chini. Usipoliondoa tawi hilo na kulichoma moto, ukaosha kizimba kwa maji yenye klorini, ukanawa mikono kabla ya kushika kizimba cha pili, baada ya siku chache huna cha kupeleka Gede. Majani pia tumejifunza kuyasuuza kabla ya kuwapa, kwa kuwa punje huja nayo kutoka msituni.

Kwa sababu hiyo nikisikia watu wanapanga kusaga viwavi wagonjwa na kuwapulizia wengine, mwili unanisisimka. Mzee amesema bakulovirusi huhitaji mdudu wa jamii yake. Viwavi wetu ni jamii yao! Ningependa kujua kirusi cha nondo wa mchu kinaweza kuvuka hadi kwa vipepeo wetu kwa kiasi gani, na kama kikiletwa na upepo, na nguo za mtu au na mikono ya mnunuzi wa pupa, nani atakayetulipa. Siwapingi watunza mikoko, maana msitu wao na wetu ni mmoja, lakini tusiambiwe tu kwamba ni cha asili. Na ugonjwa unaotumalizia vizimba nao ni wa asili.

Mzee wa Misitu, Malindi

Marahaba, binti yangu. Swali lako ndilo zito kuliko yote yaliyoulizwa hapa, na usafi unaoueleza ndio hasa unaofundishwa katika maabara za kulea wadudu.

Virusi hivi vinatofautiana sana katika upana wa wadudu vinavyowaua. Kirusi cha Lymantria dispar humwua mdudu huyo mmoja na karibu hakimgusi mwingine, na kwa sababu hiyo Idara ya Misitu ya Marekani hukipendelea pale ambapo kuna vipepeo au nondo adimu wanaolindwa, ingawa ni ghali, kwa kuwa ni lazima kizalishwe ndani ya viwavi hai. Kwingineko hutumia bakteria Bacillus thuringiensis, ambayo ni rahisi kuitengeneza lakini huua viwavi wa spishi nyingi bila kuchagua. Upande wa pili kuna virusi kama kile kilichopatikana kwa nondo Autographa californica, ambacho kimeambukiza zaidi ya spishi 30. Kwa hiyo huwezi kusema "bakulovirusi ni salama kwa vipepeo" kwa jumla. Inabidi kila kirusi kijaribiwe juu ya viwavi wa mahali hapo, na wale mnaowafuga ninyi wawe wa kwanza katika orodha. Uji wa viwavi waliookotwa bila kutambuliwa unaweza kuwa na zaidi ya kirusi kimoja, na hilo peke yake linanitosha kuukataa usitumike popote karibu na Gede.

Kuhusu kuvuka kwa upepo, hatari ni ndogo kwa umbali wa kutoka Ngomeni hadi kwenu. Nguo, viatu na mikono ya watu ni njia kubwa zaidi. Mtu aliyekuwa katika michu yenye ugonjwa asiingie penye vizimba kabla ya kuoga na kubadilisha nguo.

Mkulima wa Mvinje, Gongoni

Naomba kutofautiana kidogo na wote. Mimi nimeipita michu hiyo nikielekea kwenye shamba langu, na sasa imeanza kuchipua majani mapya pasipo mtu kuipulizia kirusi wala sumu. Viwavi walikuja, wakala, wakaugua, wakaisha. Kama Mzee mwenyewe anasema mlipuko huvunjika wenyewe, kwa nini kikundi kijiingize katika gharama, sampuli, vibali na mabishano na wafuga vipepeo? Mikoko imekuwapo hapa kabla yetu sote, na naamini imekwisha kuona viwavi wengi.

Mzee wa Misitu, Malindi

Bwana wa mvinje, kwa mti mkubwa nakubaliana nawe kwa sehemu kubwa. Mchu uliokomaa huchipua tena baada ya kuvuliwa majani mara moja, na mara nyingi uamuzi bora wa mtu wa misitu ni kukaa kando na kuandika anachokiona. Lakini kuchipua si bure. Watafiti wa Kerala walipolinganisha mitiki michanga iliyolindwa na ile iliyoachiwa viwavi, walikuta kwamba isiyolindwa ilipoteza asilimia 44 ya ujazo wa mbao ambao ingeuongeza, ijapokuwa ilibaki hai na yenye majani. Miche ya kitaluni haina akiba ya kuchipulia mara mbili. Kwa kitalu, hata hivyo, kirusi si jibu la kwanza. Wavu mwembamba juu ya vitanda na kuwaokota viwavi kwa mkono asubuhi vinatosha, wala havihitaji kibali cha mtu.

Mtunza Michu, Ngomeni

Nimewashukuru nyote, na hasa dada mfuga vipepeo, kwa kuwa suala lake halikuwahi kutajwa hata mara moja katika kikao chetu. Nimewasomea wenzangu majibu haya. Wazo la kusaga tumeliacha, dawa ya dukani hatuinunui, na wavu wa kitalu tutaushona kutokana na chandarua kikuukuu. Viwavi watatu walio hai na pupa kadhaa nimewaweka katika ndoo yenye majani ya mchu na kufunikwa kwa kitambaa, wakisubiri siku ya safari ya Gede.

Fundi wa Majahazi, Lamu

Salamu kutoka Lamu, ambako zaidi ya nusu ya mikoko ya Kenya ndiko iliko. Hapa kwetu michu haijaliwa, lakini mililana, mikoko ya aina nyingine iliyo mbele ya maji, inakauka tawi moja baada ya jingine. Ukilikata tawi lililokauka unakuta tundu linalokwenda katikati ya mti, limejaa unga wa mbao, na pengine mdudu mwenyewe mwekundu ndani. Sisi mlilana tunautaka kwa mataruma, yaani mbavu, ya vyombo, na mti uliotobolewa haufai. Je, kirusi cha namna hii kinaweza kumfuata mdudu huyo tunduni?

Mzee wa Misitu, Malindi

Fundi, hapo jibu ni fupi: kwa kupulizia, hapana. Bakulovirusi lazima iliwe, na mdudu anayekula ndani ya mti haonji kilichopuliziwa juu ya gome. Watafiti waliouchunguza mlilana wa pwani ya Kenya walimtaja nondo Salagena discata, ambaye kiwavi wake hutoboa matawi, na mbawakawa aitwaye Bottegia rubra. Kwa wadudu wa ndani kinachosaidia ni kukata tawi lenye tundu wakati mdudu angali ndani, kulitoa msituni na kulichoma, na kufanya hivyo kwa ruhusa ya Huduma ya Misitu, maana wewe wajua askari wao watauliza nini wakikukuta na shoka chini ya mlilana.

Mwenye Minazi, Mambrui

Mzee, samahani kwa kuutoa mjadala msituni kidogo, ila minazi nayo ni miti. Chonga, wale mbawakawa wa minazi, wamenimalizia minazi michanga. Wanatoboa moyo wa mnazi na majani yanafunguka yakiwa yamekatwa pembetatu. Nimesikia kwamba visiwa vya Pasifiki viliokolewa na kirusi. Je, chonga hawa nao hawawezi kupewa ugonjwa wao?

Mzee wa Misitu, Malindi

Umesikia sawa, na hiyo ni moja ya hadithi kubwa za kazi hii. Chonga wa Asia, Oryctes rhinoceros, aliingia Samoa mwaka 1909 pamoja na miche ya mipira kutoka Ceylon (Sri Lanka ya leo), akaenea katika visiwa vya Pasifiki. Mwaka 1963 mtafiti Mjerumani, Alois Huger, akakigundua nchini Malesia kirusi kinachomwua, na mwaka 1967 kikapelekwa Samoa, kisha Fiji, Tonga na visiwa vingine. Uharibifu wa minazi ulipungua sana. Kirusi hicho si bakulovirusi. Kiko katika kundi la nudivirusi, hakina zile punje za kukikinga, kwa hiyo hakipuliziwi. Hukamatwa mbawakawa wazima, wakaambukizwa, wakaachiliwa waruke. Mgonjwa huishi muda mfupi zaidi, jike hutaga mayai machache, na kinyesi chao hukipeleka kirusi kwenye magogo yaliyooza ambamo mabuu huishi.

Ila kuna mambo mawili. Mwaka 2007 aina ya chonga huyo wa Asia isiyodhuriwa kwa urahisi na kirusi ilionekana Guam, na tangu hapo imefika Hawaii na Visiwa vya Solomon, kwa hiyo ushindi ule sasa una ufa. Na chonga wako wa Mambrui ni mwingine, Oryctes monoceros, wa Afrika. Kirusi kilijaribiwa dhidi yake Ushelisheli na Tanzania katika miaka ya 1980, lakini hakikuleta ushindi wa kulinganishwa na ule wa Samoa.

Kwa hiyo kwako wewe kazi iko chini, mahali anapozaliwa. Vigogo vya minazi iliyokufa ambavyo umeviacha vimelala shambani, na lundo la samadi lililokaa msimu mzima bila kugeuzwa, ndimo mabuu yanamonenepa. Pasua vigogo, vichome au uvizike, na uigeuze samadi mara kwa mara huku ukiwapa kuku nafasi ya kuokota. Minazi michanga ichunguze kila wiki. Ukiona tundu lenye makapi mabichi, mwingize waya wenye ncha ya ndoana umtoe chonga, kisha ujaze mchanga uliochanganywa na majivu katika makwapa ya makuti ya juu. Jirani yako naye lazima afanye hivyo, kwa sababu chonga huruka usiku na mpaka wa shamba haujui.